Dereva wa CD ya Harusi

Valary aliposukuma mlango wa duka la mumewe, amebeba chakula cha mchana, trei ya CD ilitoka taratibu kwenye kompyuta, ikakaa nje kama ulimi, kisha ikarudi ndani. Murunga hakuwa amegusa kitu. Alikuwa upande wa pili wa chumba akiunganisha waya za spika.

"Umeona hiyo?" Valary akauliza.

"Ni uzee tu wa mashine. Mimi nimeizoea."

Duka lilikuwa Gatina, Kawangware, chini ya ghorofa la kupangisha, katikati ya kinyozi na kanisa la mabati. Kazi ya Murunga ilikuwa kuhamisha picha za zamani. Watu walikuwa na CD za harusi na za matanga lakini hawakuwa tena na deki ya kuzichezea, basi wakamletea azitie kwenye simu. Kwa kawaida ni kazi ya kumalizika kabla chai haijapoa. Lakini CD iliyokuwa ndani siku hiyo ilikuwa imeshinda humo tangu wiki iliyotangulia.

Valary akageukia skrini. Bibi harusi alikuwa ameketi kwenye mkeka, hina imempanda hadi viwiko, na wanawake wa Kinubi wamemzunguka wakimpigia doluka, ile ngoma yao ya harusi. Bibi harusi akainua macho. Picha ikakwama. Ikarudi nyuma. Akainua macho tena.

"Huyu ni nani?"

"Mteja. Anaitwa Hayat, wa Makina kule Kibera. CD imekwaruzika, ikifika kwa uso wake inashika."

"Na wewe pia unashika hapo hapo?"

Murunga akacheka, akapangusa macho kwa mkono wa shati. Yalikuwa mekundu, yanatiririka machozi. Valary aliyaona machozi hayo na kitu kikamchoma chini ya titi. Miaka yote waliyoishi pamoja, hakuwahi kumwona mumewe akitoa chozi kwa ajili yake. Akatua sahani mezani kwa kishindo, akarudi Soko la Toi kwenye kibanda chake cha makoti ya mitumba. Mchana kutwa kila koti alilolitundika alimvika mwanamke yule akilini mwake, na kila lilipompendeza akamvua kwa hasira.

Baada ya hapo mambo yakazidi. Kila Valary alipoingia dukani, trei ilifunguka, hata CD ikiwa inasomwa, na harufu ya udi ikajaa chumba ambacho hakuna aliyechoma udi. Murunga alikuwa mtu wa kueleza vitu, akajaribu kumweleza.

"Angalia, Vale. Mashine ya CD haina akili yake. Ndani ya kompyuta kuna programu inaitwa dereva. Huyo ndiye anaituma: zunguka, soma, simama. CD ikisomwa, dereva anafunga trei, hata ubonyeze kitufe namna gani haitoki. Sasa hii inatoka CD ikizunguka, na hakuna mtu ameituma."

"Basi si umzime huyo dereva?"

Murunga akamzima. Kwenye orodha ya vifaa mashine ya CD ikapotea. Kwa kompyuta ile, haikuwepo tena. Wakasikiliza. Kimya. Kisha kitu kikaanza kunguruma ndani ya kasha la kompyuta, polepole, halafu kwa kasi, na kwenye skrini bibi harusi akainua macho.

"Sasa," Murunga akanong'ona, "nani anaendesha?"

Saa ile kilichomtisha Valary si mashine. Kilichomtisha ni kwamba mumewe, hata baada ya kuona hayo, alikuwa bado ameinamia skrini.

Macho ya Murunga yakavimba. Jioni moja akaenda dukani kwa muuza dawa, akamwacha mkewe alinde duka. Valary akafunga mlango kwa ndani. Alikuwa amekuja na nia moja, kuivunja ile CD. Akabonyeza kitufe. Trei ikakataa. Akabonyeza tena, akapiga kasha kofi, na hapo harufu ya udi ikamjia nzito, ikamwingia puani na kooni, na ngoma ya doluka ikaanza kwenye spika ingawa spika zilikuwa zimezimwa, na katikati ya wanawake waliokuwa wakicheza, mahali ambapo siku zote palikuwa na ukuta mtupu, sasa palisimama mwanamume mrefu wa kanzu nyeupe ambaye hakucheza wala kupiga makofi, ambaye hakumtazama bibi harusi kama wengine wote, bali alikuwa ameugeuza uso wake nje, nje ya harusi ile, nje ya kioo, moja kwa moja kwa Valary.

"Mumeo naye anamtazama," sauti ikasema. Ilikuwa ya chini, kama ya mtu aliyemwekea kinywa shingoni.

"We... wewe ni nani?"

"Mume wa Hayat. Nilimtaka kuliko hao wote. Kila anayemwangalia ananiibia. Wewe unanielewa. Mimi na wewe tunaumwa na kidonda kimoja."

Valary alitaka kukimbia, miguu ikagoma. Au labda hakutaka sana.

"Niachie macho yake," sauti ikabembeleza. "Sitaki kingine. Hatamwona Hayat wala mwanamke mwingine yeyote. Utamshika mkono, aende unakokwenda wewe."

Na Valary akaiona picha hiyo: Murunga ameketi nyumbani akisubiri hatua zake tu mlangoni, uso wa mwisho anaoukumbuka duniani ukiwa wa mkewe. Picha hiyo ilimtuliza kuliko maombi yoyote aliyowahi kuombewa.

"Macho tu?" akauliza.

Mlango ukapigwa. "Vale! Vale, nifungulie. Niko hapa nje lakini mlango siuoni." Viganja vilikuwa vikipapasa mabati, juu, chini, vikikosa. "Vale, siuoni!"

Ilikuwa sauti ya mtoto aliyepotea sokoni. Valary akazinduka, akaurukia waya wa umeme akaung'oa ukutani. Taa za kasha zikazimika. CD ikaendelea kuzunguka.

Asubuhi yake walibeba kasha zima kwa boda boda hadi Makina, kwa kuwa CD ilikuwa imekataa kutoka. Valary alikuwa amejiandaa kukutana na yule wa hina. Aliyewafungulia alikuwa mwanamke wa makamo, amekonda, ushungi ameuvuta hadi kwenye nyusi kama mtu anayeuficha uso wake. Akatazama macho ya Murunga, akaketi chini pale pale mlangoni.

"Mume wangu pia alianza na macho, dada," Hayat akamwambia Valary. "Siku moja akavuka reli bila kuona treni."

"Na ulijua? Ulijua na bado ukamletea mume wangu?"

"Nyanya alinisomea, likanitoka. Ni jini mahaba, lile linalompenda mtu na kumwonea wivu. Nilidhani limekwenda zake. Kumbe lilijificha pale liliponiona mara ya kwanza, kwenye harusi." Akafuta uso. "Mama yangu yumo mle. Yeye ndiye anapiga ngoma. Sina picha yake nyingine, wallahi."

Valary alikuwa ameitazama harusi ile mara nyingi kuliko alivyoweza kukumbuka, na hakuwahi kumwona mpiga ngoma.

Nyanya yake Hayat, Bi Suad, hakupandisha sauti hata mara moja. Alifunga madirisha, akawasha ubani, akaliweka kasha katikati ya chumba juu ya kitambaa cheupe.

"Nani amezungumza nalo?"

"Lilisema nami," Valary akanong'ona.

"Ulilijibu? Sema kweli, binti yangu. Jini likijibiwa limepewa kiti, humganda aliyelijibu."

Mkono wa Murunga, ambaye sasa aliona ukungu tu, ulimpapasa ukamshika goti. Alikuwa amemtegemea yeye njia nzima.

"La," Valary akasema. "Sikulijibu."

Bi Suad akamtazama machoni. Kisha akampa pini ya nywele iliyonyooshwa, akamwonyesha kijitundu kidogo chini ya trei, tundu ambalo hufungua mashine hata ikikosa umeme. "Chomeka nikifika kwenye aya ya mwisho. Usitetemeke."

Mwanamke yule mzee akasoma, na kadiri alivyosoma ndivyo kasha lilivyounguruma, likatambaa kwenye kitambaa bila kuguswa, likavuma kama nyuki wote wa dunia wametiwa ndani ya bati moja, na Hayat akaziba masikio, na Murunga akaita jina la Yesu, na Valary akachomeka pini kwa nguvu zake zote mpaka kitu kikakubali ndani. Trei ikatoka. CD ilikuwa ya moto kama kikaango. Bi Suad akaitosa kwenye maji ya waridi, akaivunja. Hayat akalia kilio cha msibani, akimwita mama yake.

"Vale," Murunga akasema. "Vale, nakuona."

Wakarudi Kawangware. Macho yakapona, wateja wakarudi, na kwa hatia yake au kwa shukrani, Murunga akawa mume mwema kuliko zamani. Hata majirani walimwonea Valary wivu.

Jumapili moja baada ya ibada, Murunga alijilaza kitandani mchana, amegeukia ukuta. Valary alikuwa mlangoni, ameketi kwenye kigoda akimenya viazi, jua likimpiga mgongoni.

"Sogea kidogo, Vale," Murunga akasema kwa usingizi. "Unanibana."

Harufu ya udi ikamjia, kisu kikasimama kwenye kiazi. Nyuma ya mgongo wa mumewe, upande ambao Valary hulala, godoro lilikuwa limebonyea kwa urefu wa mtu mzima, na lilikuwa likizidi kubonyea, na Murunga alikuwa akisukumwa taratibu, taratibu, mbali na nafasi ya mkewe, mpaka uso ukagusa ukuta.

Valary alifungua kinywa amwite. Kisha akafikiri kwamba tangu azaliwe hakuna aliyewahi kumgombania. Akakifunga, akachukua kiazi kingine.