Sponji la Kiti cha Dereva

Fundi wa viti alikuwa na dharau moja: aliamini kitu asichokiona mteja hakina thamani. Gari la marehemu mmoja, aliloletewa na mjane wake, alilitengeneza kwa adabu, hilo tusimnyime. Ngozi ya zamani aliilainisha, akaishona kwa kupitisha sindano kwenye matundu yale yale. Redio mpya akaificha kwenye kidroo, uso wa gari usiharibike. Mjane alikuwa amesisitiza jambo moja tu, kwamba sponji la kiti cha dereva lisiguswe. Fundi akaitikia. Kisha akalitoa, kuukuu, limebonyea kwa makalio ya mtu mmoja miaka thelathini, akalichoma moto. Nani atafunua kuangalia?

Jua likizama akaondoka kulirudisha gari. Alikuwa na haraka. Mkewe alijifungua majuzi, yuko peke yake na kichanga.

Kwenye kona ya kwanza ikaja harufu... dawa ya kuchua mgongo. Kali. Akashusha kioo. Haikutoka.

Kisha kiti kikalia. Kwiii... kama mtu mzito anajiweka sawa.

Mapaja yake yakaelemewa.

Akatazama chini. Hapakuwa na kitu, ila suruali ilikuwa imebanwa bapa, na miguu inakufa ganzi. Sikioni sauti ikanong'ona:

"Nikae wapi?"

Aliendesha akilia, tena bila aibu. Getini mjane alimulika tochi dirishani, akaitazama ile suruali, asiseme karibu. Akauliza kama sponji lipo. Fundi akaapa lipo. Suruali ikazidi kubanwa hadi akakiri.

"Nilikukataza," mjane akasema. "Miaka mitatu nalala vizuri kwa kuwa ana pa kukaa. Humu ndani haingii."

"Mama, nifanye nini?"

"Anataka kiti kilichomzoea mtu."

Maumivu hayampi mtu nafasi ya kupima maneno. Fundi akaropoka kwamba kwake kipo, cha kamba, alichoachiwa na bibi yake. Mkewe ndipo anaponyonyeshea mtoto.

Papo hapo uzito ukamtoka. Harufu nayo ikakatika. Akavuta pumzi, akaanza hata kushukuru, mpaka alipouona uso wa mjane.

"Ungenyamaza, mjinga wewe," akanong'ona, akafunga geti.

Fundi akawasha gari. Likakohoa, likazima. Akawasha tena... kimya. Nyumbani ni mwendo wa nusu saa kwa miguu, na miguu yenyewe bado ilikuwa na ganzi.