Naam ya Tatu

Siku ile walioshuka mtaroni walikuwa wawili, lakini Ubwa aliitikiwa mara tatu.

Ndivyo walivyofanya kazi. Mtaro wa bomba la maji machafu ulipita katika kichochoro cha Malindi, kina chake zaidi ya urefu wa mtu, kuta zake zimekingwa kwa mbao na kubanwa kwa boriti zilizolazwa upande hadi upande. Kwa wingi wa boriti zile, aliyesimama juu hakuwaona walio chini, na pampu ya kuvuta maji ilinguruma kutwa. Basi kila baada ya muda Ubwa, msimamizi, aliizima pampu akaita majina.

"Matar!"

"Naam!"

"Haitham!"

"Naam!"

Kisha, pasipo mtu kuitwa, ikaja naam nyengine kutoka mwisho wa mtaro, nyuma ya mbao, pahala ambapo hapajachimbwa. Ilikuwa ya upole, kama ya mtu aliyeamshwa.

"Matar, wacha mchezo."

"Mchezo gani, bosi? Mimi nna tope mpaka masikioni!"

Ubwa hakuwa mwepesi wa kuamini mambo hayo, wala hakuwa mtu wa kumcheka anayeyaamini. Akatazama anachokijua: maji yaliyokuwa bado yakichuruzika mdomoni mwa mpira wa pampu. Maji yakitoka safi, mtaro u salama. Yakitoka na mchanga, ujue ardhi iliyo nyuma ya mbao inaliwa, na mbao hazina tena cha kuegemea. Yalikuwa safi. Lakini yalinuka udi. Tena mtaroni maji yalizidi kupanda, ilhali bahari ilikuwa imekupwa, na Malindi maji ya chini hupanda bahari inapojaa.

Mlango wa jirani ukafunguka. Akatoka Bi Salhiya, ambaye watu wenye majini huletwa kwake, mkononi ana chetezo kinachofuka ubani.

"Shikamoo, Bi Salhiya."

"Marahaba, mwanangu. Nani anakujibu humo?"

Ubwa akajitia kukagua mpira wa pampu.

"Usinifiche, nshamsikia tangu juzi," akanong'ona. "Miaka yote alikuwa kimya. Nyinyi ndio mliokuja kumfundisha kuitika. Sauti hana, anatafuta ya kuchukua. Wacha kuita."

"Nisipoita, nitajuaje kama ni wazima?"

"Wafunge kamba kiunoni. Utikise, nao watikise."

Ubwa aliona maneno yale yana akili, jini awepo asiwepo. Lakini kamba zilikuwa ghalani, Kiembe Samaki. "Kesho asubuhi zitakuja," akasema.

"Shemeji!" Haitham, mume wa Khairat, mdogo wake Ubwa, akapiga kelele kutoka chini. "Ndiyo utatufunga kama mbuzi wa Idi?" Wote wakacheka, isipokuwa Bi Salhiya.

Baada ya sala ya alasiri mpira wa pampu ulikohoa, ukatapika maji ya rangi ya chai ya maziwa, na Ubwa alipoyakinga kwa kiganja akahisi mchanga unamsugua vidole.

"Tokeni! Tokeni nyote!"

Akazima pampu. Ngazi ikatikisika, kichwa cha Matar kikatokeza, na chini boriti zikaanza kulia moja baada ya moja, na harufu ya udi ikapanda nzito, naye akaita, "Haitham!" na sauti ya Haitham ikamjibu, "Naam, shemeji," nyuma ya bega lake, karibu hivi kwamba pumzi yake ilimgusa shingo, yenye uvuguvugu, na moyo ukamtulia, akamshika Matar mkono, akamvuta mbali na ukingo, wala hakugeuka kutazama.

Mbao zikaachia.

Alipogeuka, nyuma yake palikuwa na ukuta mtupu.

Matar alitaka kujitupa ndani. Ubwa akamkumbatia kwa nguvu. "Boriti kwanza! Ukishuka hivi, nitawazika wawili." Wakabana upya kuta, boriti kwa boriti, huku Ubwa akihesabu kila dakika, kisha wakachimba kwa mikono na ndoo. Ubao mmoja ulikuwa umeanguka mshazari, ukamwachia Haitham nafasi ya kupumua. Alitoka hai.

Lakini alitoka bila ya sauti. Madaktari walimkagua koo, wakalikuta zima. Siku ya tatu Khairat alimwambia kaka yake, "Ananitazama tu, kaka. Hata jina langu hawezi kulitaja." Hakumlaumu. Hakuna aliyemlaumu, na hilo ndilo lililomnyima usingizi.

Akaenda kwa Bi Salhiya.

"Sauti yake imo humo mtaroni," akasema bibi. "Aliyeichukua ataiwacha akipewa nyengine, na anayeitoa awe ameridhia. Mimi sikutumi, mwanangu. Wala ukikataa, sitakuona mbaya."

Kesho yake asubuhi kichochoro kilikuwa kitupu. Ubwa akasimama ukingoni. Chini maji yalikuwa yametulia, na bahari imekupwa.

"Shemeji," ikaita sauti ya Haitham, nyuma ya mbao.

Ubwa akafumba macho. "Naam," akasema.

Hakuhisi maumivu, ila ubaridi uliompita kooni kama maji ya kisima. Muda si muda simu ikalia mfukoni. Akaiweka sikioni.

"Kaka! Amesema! Haitham kaniita jina langu, wallahi, sasa hivi!" Khairat alikuwa akilia na kucheka pamoja. "Kaka? Upo?"

Ubwa akafungua kinywa.

"Kaka, mbona huitiki?"