Mama Alikufa Akidhani Nipo Starehe

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na tisa. Nafanya kazi ofisini Khuwair, hapa Maskati, na nakaa mtaa wa Hail, katika nyumba niliyokuwa nikiishi na mama yangu mzazi. Nina mdogo wangu mmoja tu, nitamwita Raya. Jina nimelibadilisha kwa ajili ya watoto wake, si kwa ajili yake.

Mwaka jana nilijigusa nikakuta uvimbe kwenye titi. Nikashauriwa nikapasuliwe Ujerumani, na mume wangu Khalfan akasema twende.

Kwetu sisi mzee haambiwi habari za maradhi. Mama alikuwa mgonjwa wa moyo, na nikichelewa tu kurudi kazini alikuwa hali chakula. Basi nikamdanganya. Nilimwambia nakwenda Salala, kule kusini mwa Oman, kwenye kozi ya wiki mbili. Akanisomea dua, akaniagiza ubani.

Raya aliujua ukweli wote. Lakini alikuwa ametaka yeye ndiye anifuate kama mtu wa kumwangalia mgonjwa, na nilipomchagua mume wangu alinuna. "Haya, nendeni mkaone Ulaya," aliniambia, "mie nibaki nibadilishe mashuka ya mama." Nilidhani ni hasira za kupita. Mjinga mimi!

Nikapasuliwa, nikaambiwa nisubiri majibu wiki nzima. Kila siku nilimpigia mama kwa simu ya Raya, nikimsimulia mvua za Salala huku nimefungwa bendeji kifuani. Siku ya nne Raya akasema mama kalala. Siku ya tano, kalala tena.

Siku hiyo ya tano Khalfan alichoka kuniona nalia hotelini. Akanipandisha treni hadi kisiwa kimoja kikubwa cha huko, eti nikapunge upepo. Nilikichukia tangu nilipoteremka. Mji wa kwanza unaitwa Binz: majumba meupe yenye roshani za mbao za kuchonga, wazee wanaotembeza mbwa, na macho yote kwenye abaya langu. Ilikuwa Julai, na bado upepo ulinipenya hadi kwenye mshono.

Ufukweni kuna viti vya ukindu vyenye paa, kama matenga yaliyolazwa. Khalfan akanikalisha kwenye kimoja, akaninunulia aiskrimu, akaanza kuwaigiza wale wazee na mbwa wao. Nikacheka, mara ya kwanza tangu nitoke Maskati. Akanipiga picha. Nikamtumia Raya ili asiwe na wasiwasi nami. Ndiyo, niliituma kwa mkono wangu mwenyewe.

Tukapanda gari moshi la zamani hadi mji wa pili, Sellin. Pale kuna ngazi ndefu za kuteremkia kwenye gati, na mkahawa mweupe umejengwa juu ya maji. Kila ngazi niliyoshuka ilinivuta mshono. Nilikuwa nimefika katikati simu ikalia. Ujumbe wa sauti, kutoka kwa Raya, lakini sauti ni ya mama.

"Kumbe hiyo ndo Salala yako? Mie nnaumwa, nnakuulizia toka jana, wewe unakula aiskrimu Ulaya. Haya, starehe. Usinitafute tena."

Niliketi palepale kwenye ngazi, watu wakinipita. Nikapiga simu, Raya hapokei. Nikapiga tena na tena... Jioni ndipo jirani yetu aliponiambia kwamba mama alikuwa hospitali siku ya pili hiyo, moyo umemzidi. Siku mbili! Na mimi naambiwa kalala.

Asubuhi iliyofuata alifariki, kabla hatujafika uwanja wa ndege. Wakamzika alasiri ile ile, kama ipasavyo. Sikumwosha mama yangu. Sikumwona hata uso.

Nilifika siku ya hitima. Wanawake wakanong'onezana: huyo ndiye aliyekuwa Ulaya. Mbele yao Raya akaniambia bila haya, "Kwani mie nimesema uongo? Kaniuliza uko wapi, nikamwonesha picha. Wewe ndo uliyemwambia Salala."

Ilinichoma kwa sababu ni kweli. Lakini aliijua bendeji iliyokuwa chini ya lile abaya! Neno moja tu, "mwanao kapasuliwa", lilimshinda nini? Alilimeza kusudi. Namchukia, nalisema wazi, na atakayenilaumu na anilaumu.

Majibu yakaja baadaye. Uvimbe haukuwa saratani.

Sasa sikilizeni kinachonitesa. Saa ya mwisho mama alikuwa na Raya peke yake chumbani kule hospitali. Juzi Raya amekuja nyumbani, amekonda, analia, ananiambia kwamba mwisho kabisa alimweleza mama ukweli, na mama akasema amenipa radhi zake. Hilo ndilo neno ninalolitaka kuliko uhai wangu. Nilimtazama usoni, nikatafuta kama anasema kweli... nikashindwa kujua. Mama hayupo nikamuulize.

Wasomaji wenzangu, mnaowaficha wazee wenu mkidai mnawahurumia, acheni. Waambieni maradhi yenu, walie, wawaombee. Mimi nilimfundisha mdogo wangu kumdanganya mama, na leo ananiletea radhi za mama kwa mdomo ule ule.

Nilimfungulia mlango atoke.