Ngozi Yetu, Viatu vya Wengine

Fundi viatu alikata kipande chake cha mwisho cha ngozi, akakigeuza, akasonya. Nyuma kilikuwa na muhuri wa kiwanda cha nchi ya mbali. Ngozi hiyo ilipanda bei kila mwezi. Na kila asubuhi, mbele ya kibanda chake, lilipita lori kutoka machinjioni, limejaa ngozi mbichi za ng'ombe wa hapa hapa.

"Tunauza ngozi, tunanunua ngozi," alisema. "Huu si wendawazimu?"

"Shemeji, umeanza kuongea peke yako?" ilisikika sauti mlangoni. "Ndiyo maana kaka yangu anakimbia nyumbani alfajiri."

"Kaka yako anakimbilia visu vyake. Ingia, usinizibie mwanga."

Alikuwa mdogo wa mume wake, aliyekuja likizo. Alifanya kazi katika kiwanda cha kusindika ngozi, mji wa pili.

Siku nyingine Fundi angemjibu utani hadi akimbie. Siku hiyo hakuwa na hamu. Mwalimu mkuu wa shule ya jirani alitaka viatu vya ngozi kwa wanafunzi wote, kwa sababu vile vya plastiki vilipasuka kabla muhula haujaisha. Kazi ilikuwa yake kama angeweza kupunguza bei. Lakini kwa ngozi ya ng'ambo, angepunguza vipi? Akiikosa kazi hiyo, angefunga kibanda. Wateja wake walikuwa wamebaki wa kubandika soli tu.

"Wanatunyonya!" alisema. "Mwenye lori anazoa ngozi zetu kama takataka. Huko zinageuzwa kuwa mali, tunarudishiwa kwa bei ya kuua. Vijana wa huko wanapata kazi, wetu wanashinda vibarazani. Halafu tunaambiwa sisi ni maskini kwa sababu ni wavivu!"

"Una haki ya kukasirika," shemeji alisema. "Nchi inayouza vitu vibichi tu inauza na ajira zake. Ndiyo maana uchumi wetu unajikokota."

"Na kiwanda chenu je? Mbona hakinunui ngozi zetu?"

Shemeji alijikuna kichwa. "Twende machinjioni. Bora ujionee."

Machinjioni kelele zilikuwa juu. Kila asubuhi wachunaji walishindana, na wa mwisho kumaliza aliwanunulia wenzake chai. Bingwa alikuwa mume wa Fundi. Walimwita Upepo.

"Upepo! Upepo!" walipiga kelele. Kisu kilikwenda huku na huku. Akamaliza wa kwanza, akaiburuta ngozi sakafuni, juu ya damu na mavi, akaitupa kwenye rundo. Watu wakampigia makofi.

Shemeji aliichukua ile ngozi, akaiinua juani.

"Tazama mgongoni. Hapo ndipo penye ngozi bora kuliko kote."

Fundi alitazama. Jua lilipenya hapa, likapenya na pale. Ngozi ilikuwa imetobolewa na kisu.

"Tulijaribu kununua hapa, tukaacha," shemeji alisema. "Ngozi yenye tundu hata uitie dawa gani, unapata ngozi safi yenye tundu."

Hasira za Fundi zikageuka zikamwelekea mumewe.

"Wewe! Mimi nalia na watu wa ng'ambo, kumbe kikulacho ki nguoni mwako!"

"Mama watoto, usinivunjie heshima mbele ya wenzangu."

"Heshima gani? Hii? Kidole changu kinapita!"

Watu wakacheka. Upepo akawageukia. "Mnacheka nini? Za kwenu nzima?"

Upepo akaendelea, sasa kwa uchungu. "Tunalipwa kwa idadi ya ng'ombe. Mwenye lori anapima mizanini ngozi nzima na iliyotoboka, bei moja. Nikichuna taratibu nitapata nini? Njaa! Na nani aliwahi kuja kutufundisha?"

Mumewe alikuwa amesema kweli, na kweli hiyo ilimuudhi Fundi zaidi.

"Mwenye lori anajua," shemeji alisema. "Ngozi zote anazinunua kwa bei ya mbovu. Akishaondoka anazichambua, zilizo nzima anaziuza kwa bei ya nzima."

"Na sisi tunapiga makofi!" Fundi alisema. "Tunajichana wenyewe ili yeye atajirike!"

Asubuhi hiyo shemeji alivua shati akawaonyesha. Tumia kisu chenye ncha ya mviringo. Ning'iniza mnyama. Ukishafungua kwa kisu, isukume ngozi kwa ngumi, ngumi haitoboi. Ioshe. Ipake chumvi upande wa nyama, uipange juu ya mbao, kivulini. Nzima ziweke upande wake, mbovu upande wake.

Mwenye lori alipokuja, walimtaka alipe bei mbili, ya nzima na ya mbovu. Akacheka.

"Nitaondoka na lori tupu. Wiki hii hii ngozi zitawaozea, mtanifuata kwa magoti."

Akaondoka. Lakini ngozi iliyopakwa chumvi haina haraka. Zilikaa, hazikutoa hata harufu, mpaka gari la kiwanda cha kina shemeji, aliloliita mwenyewe, lilipokuja. Meneja wake alizishika moja moja, akanunua zile nzima kwa bei ya nzima. Pia alikubali kumuuzia Fundi ngozi zikishasindikwa, kwa bei ya chini kuliko ya ng'ambo.

Upepo aliteseka. Kwa ule mwendo mpya alimaliza wa mwisho, akanunua chai mpaka akanuna. Wenzake walimwita Konokono. Walipoona malipo yake ya ngozi nzima, wakabadilisha sheria wenyewe: chai inunuliwe na atakayetoboa.

Fundi alishusha bei, akapata kazi ya shule. Aliajiri vijana watatu kutoka barazani, waliojua kucheza karata tu, akawafundisha kushona. Aliwagombeza sana. Walishona vizuri.

Shule ilipofunguliwa, mwenye lori alirudi. Alikuta mbao tupu.

"Ngozi zangu ziko wapi?"

Nje ya lango watoto walikuwa wanapita, wanasukumana, viatu vyeusi vinang'aa. Upepo alinyoosha kisu kuwaelekea.

"Zako? Ngozi zetu ni zile pale. Zinakwenda shule."