Mama Aliyepokelewa Getini

Kaa chini kwanza, maana hadithi hii ukiisikiliza umesimama magoti yatakuangusha. Wapo waliozimia katikati, na walikuwa watu wazima na ndevu zao.

Kulikuwa na mtu mmoja mtaa wa chini ya gati, mziba matundu ya meli za anga. Watu walimwita Mikogo, na jina halikumwonea. Meli zilitua juu ya vichwa vyao mchana na usiku, zikitoka huko gizani katikati ya nyota, zikirudi na kutu, na mashimo, na harufu ya bati lililoungua. Mtaa wenyewe ulikuwa mchafu hadi mvua ikifika pale inatamani kurudi ilikotoka. Jua liliingia kwa kuchungulia tu, katikati ya nguzo za gati, kama mdai anayeogopa mbwa. Lakini ukimsikiliza Mikogo akiongea, ungedhani bandari kaijenga yeye, na nyota kazitundika yeye, siku moja alipokosa kazi.

Sasa, Mikogo alioa juu. Juu kabisa, kilimani, kwenye nyumba za vioo, binti wa mkaguzi mkuu wa forodha. Alimpataje? Kwa mdomo. Na mdomo huohuo ndio uliosema kwamba mama yake mzazi ni daktari wa meli kubwa ya abiria wazito, ndiyo maana hakuonekana harusini.

Mama yake alikuwa msugua matangi.

Unaijua kazi hiyo? Unaingia ndani ya tangi la meli kwa magoti, na brashi ya waya, unakwangua masizi. Ukitoka, kilicho cheupe ni macho tu. Alipanda meli Mikogo akiwa hata ndevu hazijaota, ili mtoto abaki afundishwe ufundi. Miaka ikapita mpaka watu wakaacha kumuuliza habari zake. Halafu ikaja taarifa: meli yake inatua leo, magharibi.

Mikogo akajipangia. Atampokea kimyakimya, ampitishe uchochoro wa nyuma, amfikishe bafu la umma, amsugue, amvalishe gauni la mkewe. Kesho ndiyo awe daktari. Akaoga, akavaa, akatoka kama mtu anayekwenda dukani kununua chumvi.

Mlangoni akawakuta wakwe zake, wamevaa wamevalika, na mkewe katikati.

"Daktari anarudi halafu unataka kwenda peke yako?" baba mkwe akasema, anacheka. "Twende wote, baba. Nimpokee mkwe mwenzangu kwa heshima zake."

Mikogo akafunga kifungo cha shati kilichokuwa kimefungwa tayari.

Getini pale pana desturi, na si ya mchezo. Huko gizani kuna viumbe. Watu wa bandari wanawaita wadandiaji, maana hudandia meli kama watu wanavyodandia lori. Hawana sura yao. Huazima sura ya mmoja wa waliomo melini, wakashuka naye. Mashine za serikali haziwaoni. Mbwa hawawabwekei. Anayeweza kuwatambua ni ndugu wa damu peke yake. Kwa hiyo kila anayeshuka anasimama kwenye mstari wa njano, na Bi Geti, mlinzi wa pale, mwanamke mnene mwenye sauti ya honi, anauliza: "Nani wake?" Ndugu yako anasema "Wangu," anakushika mkono, unaingia mjini. Usipopokelewa unarudi ndani, na meli ikiondoka unaondoka nayo.

Abiria wakaanza kushuka. Mabaharia. Wachuuzi. Mzee mmoja na kasuku wake. "Nani wake?" "Wangu!" Vicheko, vilio, watu kukumbatiana. Halafu pakatulia.

Akatoka mama.

Alikuwa amepungua, mgongo umepinda kama ndoano. Furushi kichwani. Masizi hadi kwenye mikunjo ya shingo. Na harufu... harufu ya mafuta ya tangi ilimtangulia, ikasimama kwenye mstari kabla yake. Mama mkwe akatoa leso, akaziba pua.

"We kichwa maji!" mama akapaza sauti, na kile kicheko chake cha kupasuka kikagonga mabati yote ya bandari. "Umekuwa jitu zima! Njoo nikuone!"

"Nani huyu?" baba mkwe akauliza polepole. "Anamwita nani?"

Mikogo akafungua mdomo. Na hapohapo...

Ko. Ko. Ko.

Viatu vya kisigino, kwenye ngazi ya chuma.

Mwanamke wa pili akashuka. Gauni jeupe, glavu nyeupe, nywele zimelala vizuri. Hakuwa na haraka. Akaja akasimama kwenye mstari, bega kwa bega na yule wa masizi, akatabasamu.

Alikuwa na uso uleule.

Bi Geti akasimama. Wanaosema wanasema alikuwa hajanyanyuka kwenye kile kiti tangu geti lijengwe.

"Uso mmoja, watu wawili," akanong'ona. "Haya, Mikogo. Mmoja ni mama yako. Mwingine sijui ni nini. Nani wako?"

Alijua. Usije ukadhani hakujua. Mtoto hawezi kusahau sauti iliyomwita kutoka dirishani miaka yote ya utoto wake. Kujua hakukumpa tabu hata kidogo. Tabu ilikuwa kusema, huku baba mkwe yuko kushoto, leso ya mama mkwe iko kulia, na mkewe anamwangalia kwa macho ya mtu ambaye hajawahi kudanganywa.

"Huyu," akasema. Sauti ilitoka ndogo, kama ya panya. "Wangu."

Akashika glavu.

Mkono ule haukuwa wa baridi. Ulikuwa na joto sawasawa na lake yeye, si zaidi, si pungufu, mpaka akawa hajui wake unaishia wapi na wa yule unaanzia wapi.

Mama hakupiga kelele. Alimtazama Mikogo, akatazama shati lake, akawatazama wakwe mmoja mmoja, akaelewa yote. Hilo ndilo lililomchoma Mikogo kuliko matusi ya dunia nzima. Mama akaweka furushi lake sawa.

"Samahani, dada," akamwambia Bi Geti. "Nitakuwa nimekosea bandari. Uzee huu."

Akageuka, akapanda ngazi, taratibu, akishika chuma kwa mkono mmoja.

Nyumbani kulikuwa na sherehe. Yule mgeni alikaa kwenye kiti kizuri, akaongea kwa upole, akataja mbali alikofika. Mama mkwe akalalamikia goti lake. Mgeni akaligusa, goti likaacha kuuma. Baba mkwe akashika kichwa: "Daktari kweli huyu! Mkwe, ulikuwa unatuficha!" Uongo wa Mikogo ulikuwa umekaa kwenye kiti, unakunywa chai. Yeye akawa anacheka na wenzake, na kila akicheka anaona aibu inampanda shingoni kama maji ya moto.

Kitu kimoja tu. Alipompitia karibu kuchukua kikombe, alivuta pumzi. Hakusikia harufu. Si ya sabuni, si ya nguo, si ya mtu.

Hakuna kitu.

Wakwe wakaaga, mkewe akawasindikiza kwenye lifti ya kilimani. Mgeni akaingia chumbani kupumzika. Mikogo akabaki anaosha vikombe. Ndipo akasikia, nyuma ya mlango...

"Ha."

Kimya.

"Ha... haa-ha."

Kimya tena. Halafu sauti ya chini, kama ya fundi aliyekosea kipimo: "Hapana. Sivyo."

"Haaa-ha-ha... Hapana."

Kikombe kikamponyoka Mikogo. Kulikuwa na mtu mle ndani anajifunza kicheko cha mama yake. Anakijaribu kipande kwa kipande, kama mtu anayejaribu funguo kwenye kitasa.

Na mlango ukaongea.

"Mwanangu... alikuwa anachekaje?"

Siku iliyofuata kazini alijiunguza kidole, akaziba tundu lisilokuwepo, wenzake wakamcheka. "Daktari amekupa dawa ya usingizi?" Hakujibu. Mikogo, hakujibu! Watu wakajua mambo si mazuri. Jua lilipoanza kuzama akatupa kofia ya kazi, akakimbia hadi getini. Meli ilikuwa inanguruma tayari. Kwenye kidirisha cha chini kabisa akamwona mama yake. Anakifuta kioo kwa kitambaa. Hata akiwa abiria wa kurudishwa, hawezi kukaa bure.

"Bi Geti," akanong'ona. "Nilikosea."

"Hukukosea." Bi Geti hakumwangalia. "Niliyaona macho yako."

"Nifanyeje, dada yangu? Niambie."

"Simama kwenye mstari, useme watu wasikie: nilimkana mama yangu mzazi. Ukishasema, yule wa kwako nyumbani ataisha kama mvuke, na huyu atashuka. Ila useme kabla mlango haujafungwa. Na usininong'oneze hapa. Geti halisikii minong'ono."

Mikogo akasogea mstarini. Kitu chepesi, au siyo? Mtu aliyeongea maisha yake yote, aliyewahi kubishana na honi ya meli mpaka honi ikanyamaza, anaambiwa aseme maneno manne. Wapagazi wakageuka kumtazama. Mama akaacha kufuta kioo. Mikogo akavuta pumzi, kifua kikajaa...

"Mkwe!"

Akageuka. Baba mkwe huyo, anakuja matembezi ya jioni na familia yote. Na mkononi mwake, ameshikwa kwa heshima, yule mwanamke wa gauni jeupe.

"Unafanya nini huku na nguo za kazi? Tunamwonyesha daktari bandari."

Mlango wa meli ukaanza kushuka. Krrr... krrr...

Mkewe alikuwa anamtazama. Wapagazi wanamtazama. Kule kwenye kidirisha mama anamtazama, na hakumwita wala kupunga mkono. Alingoja tu, kama anavyongoja mtu asiyetaka kukusumbua.

Maneno yalikuwa yameshafika kwenye ulimi. Nakwambia yalikuwa yamefika, angeweza kuyatafuna.

"Nimekuja..." Mikogo akasema. "Nimekuja kukagua kiraka."

Krrr.

Gu!

Mlango ukajifunga. Bi Geti akainamisha kichwa. Meli ikanyanyuka, upepo ukasukuma vumbi na makaratasi, na nuru ya kile kidirisha ikapanda, ikapanda, mpaka ikawa huwezi kuitofautisha na nyota nyingine.

Wakwe wakatangulia. Yule mwanamke akabaki nyuma, akapitisha mkono wake kwenye kwapa la Mikogo. Joto lilelile.

"Usilie watakuona," akanong'ona.

"Wewe ni nani?"

"Niliwahi kushuka hapa. Zamani. Nilikuwa na uso wangu, na gunia la vitambaa vichafu, maana nilikuwa nafua nguo za mabaharia." Alisema bila uchungu, kama anaeleza njia ya kwenda sokoni. "Mwanangu alikuwa na wageni. Alisema hanijui."

Mikogo akasimama.

"Huko gizani uso wako unakwisha," yule akaendelea. "Unalika, kidogo kidogo, kama sabuni. Halafu unaanza kutamani nyumbani. Nyumba yoyote."

"Na mama yangu..."

"Atarudi. Tunarudi wote. Ila sijui atakuwa amevaa uso wa nani."

Haya. Siku hizi pale chini ya gati wapo akina mama wengi wasafi, wapole, wasionuka kitu. Magoti ya mtaa mzima yamepona. Mikogo hakosi getini meli ikitua; amekonda, na ule mdomo wake umekauka kama kisima. Anazitazama sura moja baada ya nyingine. Juzi kinyozi mmoja wa mtaani alikuja kumpokea mama yake, naye yuko na mchumba wake wa kilimani. Wakashuka wawili, uso mmoja. Wa mbele ana viraka na kikohozi. Wa nyuma amevaa glavu.

Kinyozi akamtupia mchumba wake jicho. Bi Geti akamgeukia Mikogo, akamuuliza kwa macho: sema basi, wewe unajua. Na ni kweli, angeweza kumshika yule kijana bega, amwambie mchukue wa kikohozi, mpumbavu wewe, mchukue ukimbie.

Lakini wangemuuliza amejuaje.

Na yule wa glavu, ingawa uso ulikuwa wa mama wa kinyozi, alikuwa na namna fulani ya kuinamisha shingo, kama mama yake Mikogo... Inawezekana. Inawezekana ni yeye, amerudi, anatafuta nyumba yoyote, na Mikogo akisema neno atakuwa amemrudisha gizani kwa mara ya pili.

Akatazama chini, kwenye mstari wa njano, mpaka akamsikia kinyozi akisema, kwa sauti ndogo, "Huyu."