Ukurasa Ambao Hhando Hakuufikia

Ndugu zangu wa Maretadu, leo simfichi mtu. Mwaka ule wa sabini na tano tulikuwa tunapura maharage kwa jirani yangu Hhando. Mkewe, Fabiola, alikuwa anatuchekesha. Mara akakunja uso, akashika tumbo upande wa kulia.

"Pole, mama. Twende zahanati," nikamwambia.

Hhando akakataa. Alikuwa amefaulu mtihani wa kisomo cha watu wazima, tena mnadani alikuwa amenunua kitabu cha kutuliza maumivu kwa tiba za nyumbani. Mimi kitabu kile sikukiamini hata kidogo. Aliyekiuza ni nani? Mbona hakuonekana tena? Hhando alikiweka pamoja na Biblia!

"Kimepigwa chapa, Mama Yoakimu," akanijibu. "Tumefundishwa kusoma ili iweje?"

Akasoma kwa kidole, silabi kwa silabi: maji ya tangawizi, kitambaa cha moto tumboni, kupumzika. Kisomoni tulizoea kutogeuza ukurasa mpaka uliopo uuweze vizuri. Basi Hhando akaushikilia ukurasa wake siku tatu.

Siku ya tatu Fabiola alikuwa na homa, na tumbo limekuwa gumu kama ubao.

"Baba, nakufa," alimwambia mumewe.

Jamani, nilikasirika! Nikaita wanaume, wakambeba kwa machela. Hhando akafuata, kitabu kwapani.

Didas, mganga wa zahanati, alimgusa tumbo, akaagiza lori la ushirika lije upesi.

"Mlikuwa wapi siku zote hizi?"

"Muulize huyo na kitabu chake cha matapeli!" nikadakia.

Didas akakichukua, akausoma ule ukurasa, akageuza. Kisha akasoma kwa sauti: "Maumivu yakipita siku moja, au homa ikija, acha tiba hizi. Mpeleke mgonjwa hospitali."

Hhando akasema polepole, "Huo nilikuwa sijaufikia."

Fabiola alifia njiani, kabla lori halijafika mjini. Aliacha watoto wanne.

FUNZO

Kitabu cha afya kisome mpaka mwisho ndipo uanze tiba, na maumivu yasiyoisha yapeleke kwa mganga. Hilo ni la Hhando. La pili ni langu. Mimi nami nilifaulu kisomo, na kitabu kile kilikuwa mezani kwao siku zote tatu nilizokwenda kumwona Fabiola. Nilikishuku, nikakitukana, wala sikukifungua.