Msumari na Nusu Lita

Kila asubuhi ya likizo, Msumari alifagia ofisi ya mama yake mdogo, akajaza chai kwenye chupa, kisha akaketi mbele ya kompyuta na kukunja uso kama mwenye nyumba anayedai kodi. Jina hilo la Msumari hakulipata shuleni. Alipewa na ndugu zake, kwa sababu akishasema neno lake, hata ulivute kwa koleo halitoki.

Ofisi ilikuwa ghorofani. Chini ilinguruma mashine ya kuchapia, pamoja na fundi wake, mzee aliyezoea kupaza sauti hata mashine ikiwa imezimwa. Kazi ya mama mdogo ilikuwa kuandika maandishi ya afya: vipeperushi vya kliniki, mabango ya ukutani na matangazo ya redio. Yote yalikaa ndani ya programu moja ya kompyuta, kila kazi katika mradi wake, kama nguo za familia kubwa ambapo kila mtu ana sanduku lake. Ukitaka neno, unaliandika kwenye kisanduku cha kutafutia, na programu inakuonyesha kila mahali lilipo.

Siku hiyo, kabla chai haijamiminwa, simu ililia. Alikuwa muuguzi wa kliniki. Mama mdogo alisikiliza, kisha akajishika kichwa.

"Msumari, nimeharibu," alisema alipokata simu. "Yale maelezo ya kumtengenezea maji ya chumvi na sukari mtoto anayehara. Nimeandika nusu lita ya maji, kumbe ni lita moja! Na kwa uvivu wangu wa kuandika mara mbili, nimeyanakili nikayabandika kwenye miradi mingine. Ipi? Sikumbuki. Hebu tafuta 'nusu lita' kwenye miradi yote, urekebishe. Mimi nakimbilia kliniki nikachukue vile vipeperushi kabla havijagawiwa."

Msumari aliandika, akabonyeza. Likatokea jibu moja tu, la kipeperushi. Akarekebisha. Mama mdogo alikuwa bado anatafuta kiatu cha pili chini ya meza.

"Tayari!" Msumari akasema.

"Tayari? Mbona haraka hivyo? Umeangalia miradi yote?"

"Yote."

"Mabango je?"

"Mama mdogo, nimesema yote! Mbona unanihoji kama polisi? Macho si ninayo?"

Macho alikuwa nayo kweli, makubwa na mazuri. Ila mabango hakuyatazama. Mama mdogo alimwangalia kidogo, akavaa kiatu, akashuka ngazi. "Fundi!" alisikika akiita. "Washa mashine, chapa mabango! Msumari keshayakagua."

Baadaye kidogo Msumari alimpelekea fundi chai. Mashine ilikuwa inatema mabango, moja juu ya jingine, yenye picha ya mama anayemnywesha mtoto kwa kijiko. Msumari akasoma yaliyoandikwa chini ya picha. *Chukua nusu lita ya maji safi.*

Akakiacha kikombe mezani kwa fundi.

Alipanda ngazi mbiombio, akaitazama kompyuta vizuri. Pale juu, kwa herufi ndogo, kulikuwa na kichujio: *Mradi: Vipeperushi.* Alikiweka mwenyewe jana yake, alipokuwa akitafuta kitu kingine, na hakukiondoa. Kwa hiyo programu ilichungulia ndani ya sanduku moja tu, mengine ikayapita. Akakibadilisha, akachagua *Miradi yote*, akatafuta upya. Nusu lita zikajipanga kwenye kioo: kwenye bango, kwenye tangazo la redio, hata kwenye kitabu cha mapishi.

Wazo la kwanza lililomjia halikuwa zuri, na msijifanye nyinyi lisingewajia. Angeweza kukaa kimya. Aliyeandika makosa ni mama mdogo, anayechapa ni fundi, na yeye ni mtoto tu aliyepeleka chai. Nani angemuuliza? Lakini kila alipofumba macho alimwona yule mtoto wa bangoni, mdomo wazi, akisubiri kijiko.

Akashuka.

"Fundi, zima mashine!"

"Nani kakutuma?"

"Sijatumwa. Mabango yamekosewa."

"Binti, mwenye kazi kasema yamekaguliwa. Mimi mashine yangu haizimwi na mtoto. Kwanza chai yako haina sukari."

Fundi akainama kuchukua karatasi nyingine za kulisha mashine. Msumari alimwahi. Akaruka, akaketi juu ya lile rundo la karatasi, mikono kaikunja kifuani.

"Toka juu ya karatasi zangu!"

"Sitoki."

"Nitamwita mama yako mdogo!"

"Mwite. Ndiye ninayemtaka."

"Hee! Makubwa haya! Sasa nani aliyekagua, kama si wewe?"

Msumari akajibu kwa sauti ndogo.

"Unasemaje?" fundi akauliza, mkono sikioni. "Mashine inapiga kelele!"

"Nimesema sikukagua!"

"Hukufagia?"

"Nilidanganya!" Msumari akapiga ukelele, mishipa imemtoka shingoni. "Nilimwambia mama mdogo nimeangalia yote, na sikuangalia! Nilidanganya!"

Fundi aliizima mashine. Na katika ukimya ule, Msumari alimwona mama mdogo kasimama mlangoni, kabeba vile vipeperushi, pamoja na muuguzi, wote wawili wamesikia kila neno. Jirani wa ng'ambo ya barabara naye kafungua dirisha.

Msumari hakushuka kwenye karatasi. Machozi yalimlengalenga, lakini kidevu alikiinua.

"Nigombeze," alisema, "ila yasichapwe."

Muuguzi ndiye aliyemsogelea, akachukua bango moja na kulisoma. "Maji yakipungua, chumvi na sukari vinazidi nguvu," alisema. "Mtoto anayehara ameshapoteza maji mengi. Ukimpa mchanganyiko huu, badala ya kupona anazidi kukaukiwa. Hili likibandikwa ukutani, akina mama watalifuata kwa sababu wanatuamini."

Walipanda juu wote. Msumari alitaka kumaliza upesi. Kidole chake kikaelekea kwenye kitufe cha *Badilisha zote*.

"Mkono!" mama mdogo akamzuia. "Soma kwanza hilo la mapishi."

Msumari akasoma. Lilikuwa la uji: *nusu lita ya maziwa.* Hapo nusu lita ilikuwa sahihi.

"Bonyeza hicho kitufe," mama mdogo akasema, "uone watu watakavyokunywa uji kwa mrija."

Basi wakayapitia moja moja. Msumari akarekebisha bango, mama mdogo akarekebisha tangazo la redio, lile la uji wakaliacha. Kisha Msumari akakabidhiwa mabango yote yaliyoharibika, ayachane mwenyewe, lisitoke hata moja nje ya jengo. Aliyachana mpaka vidole vikamuuma, na hakumwomba mtu msaada.

Mama mdogo alikuja kuketi karibu yake.

"Mimi nilikosea kwanza, kwa kubandika bila kusoma. Hilo ni langu," alisema. "Sasa sikiliza lako. Watu watakwambia uache ubishi. Mimi sisemi hivyo. Asubuhi ulibishana nami kwa jambo ambalo hukulitazama, na ulisema uongo ili usilitazame. Baadaye umebishana na fundi kwa jambo uliloliona kwa macho yako, ukasema ukweli hata ulipokuaibisha. Ubishi ni ule ule, ila wa kwanza ungeumiza watoto wa watu na wa pili umewakinga. Kwa hiyo tazama kwanza, kisha bisha mpaka koo likauke. Na ukikosea, sema mapema, wakati mashine bado inazimika."

Msumari akafuta pua kwa kiganja. "Nimekusikia, mama mdogo. Sitasema nimeangalia kabla ya kuangalia." Kisha akainua kichwa. "Na lile la redio ulilorekebisha wewe, umelisoma tena?"

"Nimelisoma."

"Nionyeshe."

Muuguzi aliziba mdomo kwa leso. Mama mdogo alimkazia macho yule mtoto. Kisha akavuta kiti hadi kwenye kompyuta. Wakachagua miradi yote, wakaanza kusoma kwa sauti, neno kwa neno, tangazo na bango na kipeperushi.

"Jamani!" fundi aliita kutoka chini. "Niwashe au nikalale?"

"Ngoja!" walijibu wote watatu kwa pamoja.

Fundi akangoja, huku akinung'unika. Alipoiwasha mashine, bango la kwanza lilitoka limeandikwa lita moja, na Msumari alilisoma mara mbili kabla ya kumruhusu atoe la pili.